Chozi, Mara Nane Polepole

Saa kumi na moja alfajiri, Rungwe haijaamua
kama itanyesha au itaendelea kutishia.
Kinasa sauti nimekivisha soksi ya sufu, ile ya kushoto;
ya kulia niliipoteza Kiwira.
Kazi ya Ambakisye ni kushika mwavuli na kunyamaza.
Mwavuli anauweza.

Mgomba unadondoshea mgomba matone.
Lori la maparachichi linapanda likikoroma,
tunalisubiri lipite
kama wenyeji wanaosubiri mgeni aage ndipo waseme.
Halafu hondohondo. Halafu kurumbiza.
Halafu, kwenye ua la mgomba, chozi,
mdogo kuliko kidole gumba cha Ambakisye,
sauti yake sindano: tsi-tsi-tsirii,
imekwisha kabla sijapumua.

Studio yetu ipo Soweto, Mbeya, nyuma ya duka la mbolea.
Ukutani trei za mayai, mlangoni godoro.
Hapa ndipo ninapokula kwa jasho la ndege:
mchezo wa redio, kila Jumatano, saa mbili usiku.
Hondohondo nikimgeuza kinyumenyume
ni mlango wa hakimu usiojua mafuta.
Mabawa yake, nikiyakata vipande na kuyarudiarudia,
ni treni inayoingia Iyunga imechelewa siku mbili.
Kwale waliokurupuka ni makofi ya mkutano wa kijiji
pale mwenyekiti anapodanganya.
Bundi simgusi. Bundi watu wanamjua;
ukimweka tu, simu zinaanza: nani kafa?

Wiki ile mtunzi alitaka mzimu.
"Si wa kutisha," aliandika pembeni kwa penseli,
"mzimu uliosahau kilichouleta."

Nikamchukua chozi, nikampunguza mwendo.
Mara mbili: filimbi.
Mara nne: mtu anafungua kinywa.
Mara nane,
ndani ya ile nusu sekunde kulikuwa na barabara nzima,
kona, mteremko, daraja, mahali pa kutua mzigo,
na maneno ambayo sikuwahi kuyasikia.
Kumbe alikuwa akiyasema kila siku
na sisi tukaita kelele.

Jumamosi nikampelekea mama, Masoko,
nimpime: akishtuka, mzimu umekubali.
Mama ana masikio ya miaka sabini na sita.
Kengele ya baiskeli haisikii tena,
wala mluzi wa birika; maji hukauka, yeye anasubiri.
Nikamvisha spika za masikioni juu ya kilemba.
Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Huyu ni yule wa kwenye maua."
Mama, huo ni mzimu.
"Mzimu wa nani? Huyu ni yule mdogo,
mwenye koo la kung'aa. Nilidhani wamehama.
Nilidhani msitu mmeumaliza
na mnanificha."

Nje, mgombani, chozi wenyewe walikuwa wanne,
wanagombana kama wachuuzi wa Mwanjelwa.
Aliwatazama midomo ikifunguka na kufumba,
kisha akanigeukia.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha."
Utomvu wa ndizi ukamkaukia mikononi, mweusi.
Hakunawa.

Jumatano mchezo ulirushwa na mzimu mwingine:
kopo tupu, uzi wa zeze, pumzi yangu mwenyewe.
Mtunzi akasema unafaa.
Chozi nimemhamishia kwenye simu ya mama,
ndiye mlio wake sasa, ule wa mara nane.
Nikimpigia
hapokei haraka.